Maji ya Magoti ya Ziwa Ikombe

Haki ya Mungu, haya ni kweli tupu, sikuongeza hata chumvi ya kuonja.

Zama zile misafara ya pembe za ndovu ilipopita tambarare, wahunzi wa Ikombe, juu milimani Upare, walisifika kwa majembe na mikuki. Sifa hiyo ikamfikia Mwinyi Hatibu, jemadari wa magobori, akapanda na jeshi kuwatia wote utumwani. Mbonea, mkuu wa wahunzi, akawapitisha watu wake njia ya genge, akaiziba kwa mawe, wakatokea ng'ambo ya mkono mwembamba wa ziwa. Nyuma yao jabali. Pa kukimbilia hapakuwapo tena.

Ziwa lenyewe lilikuwa angavu hata ungemwona kambare akipiga miayo chini kabisa. Na chini huko, ungesimamisha minazi mitatu, mmoja juu ya mwenzake, na hata kuti lisingetokeza juu ya maji.

Hatibu akafika ukingoni na joho lake na jambia kiunoni, akaona kokoto zinameremeta.

"Watu wa milimani," akacheka, "mmejificha nyuma ya maji ya magoti?"

"Ya magoti, bwana," akajibu Namkunda, dada yake Mbonea, akichota maji kwa kibuyu chake ng'ambo. "Ila ni baridi. Watu wa pwani mtayaweza?"

"Kanikokee moto, shemeji. Naja."

Akaingia, jeshi lote nyuma yake. Hatua ya kwanza, magoti. Ya pili, kilemba kikabaki kinaelea peke yake. Magobori na baruti vyote vikazama, na watu wakatapatapa.

Mbonea angeweza kuwaacha. Lakini desturi ya Ikombe ni hii: umvutaye majini kwa mpini wa mkuki wako ni mgeni wako, na mgeni hainui silaha juu ya mwenyeji mpaka kufa kwake. Wahunzi wakageuza mikuki.

"Shika," Mbonea akamwambia Hatibu, "au endelea kuzitazama kokoto."

Akashika kwa mikono miwili.

Siku ile walikula kande na mbuzi pamoja, na Hatibu akazeekea Ikombe akivukuta mivuo ya kuchochea moto wa wahunzi. Karamuni magobori yakapigwa hewani mpaka tumbili wakahama.

"Magobori yapi?" akaniuliza Mzee Kajeri, karani mstaafu wa posta. "Si umeyazamisha sasa hivi?"

"Yalikauka."

"Huko huko chini?"

 Barazani kwetu anayenaswa akidanganya huchinja. Nikamkamata jogoo wangu mwekundu, nikamnyonyoa mwenyewe, nikampika. Kajeri akala mapaja yote mawili, akajifuta mafuta, kisha akauliza Hatibu alijaliwa watoto wangapi.