Upenyo Uliozibwa

Kalamu ya kwenye kompyuta ina tabia moja ambayo kila mchoraji anaijua. Ukiuzungusha mstari ukarudi hadi nukta uliyoanzia, pembeni ya kalamu hutokea kiduara kidogo, maana yake bonyeza hapa umbo lijifunge. Siku hiyo kiduara kilitokea mapema. Kalamu ilikuwa bado mbali na nukta ya kwanza, na hakuna aliyeomba kufunga chochote.

Mchoraji alikitikisa kipanya, akakipuliza kwa chini, akailaumu kompyuta. Kompyuta yenyewe ilikuwa kuukuu, imezoea kulaumiwa. Kiduara kikabaki palepale.

Alikuwa akichora alama ya mzee mmoja mstaafu aliyekuja asubuhi na kibao kilicholiwa na mchwa. Juu ya kibao palichongwa mstari mmoja, umejikunja na kujipinda, umezunguka karibu wote, halafu umeishia hewani bila kukutana na mwanzo wake. Aliyeuchonga ni marehemu baba wa mzee huyo, na kibao kilikaa juu ya geti lao miaka yote. Sasa kilikuwa kinageuka unga, na mzee alitaka stika ya kudumu.

"Uuchore ulivyo, mwanangu," alisema. "Usiupendezeshe."

"Una maana gani, mzee?"

"Mimi sijui. Marehemu alikuwa akisema kuna mpita njia wa jioni. Anaingia, anatoka, hana neno na mtu. Wewe nichoree tu."

Mchoraji akatabasamu kwa heshima, na mzee alipoondoka akaguna. Lakini kazi aliifanya kwa moyo. Aliiweka picha ya kibao chini, akawa anapanda nukta juu yake moja moja, anavuta kishikio cha kila nukta mpaka mstari wake ukalala sawasawa juu ya ule wa marehemu. Hakurekebisha hata pale patasi ilipoteleza. Upenyo nao aliuacha, chini kushoto, kama alivyoukuta.

Iliyogoma ni mashine ya kukata stika. Umbo lisilofungwa huisumbua: kisu kinafika mwisho wa mstari kinainuka, na ukibandua stika inang'ang'ania karatasi inachanika. Mume wa mchoraji ndiye aliyekuwa fundi wa mashine hiyo. Alichana nakala mbili, akapoteza subira.

"Uunge tu hapo," alisema. "Kidogo, kama unywele. Nani ataona?"

"Mzee kasema ulivyo."

"Mzee hana mashine."

Basi akaipeleka kalamu kwenye nukta ya kwanza. Kiduara kilikuwa bado kinasubiri. Akabonyeza, umbo likajaa rangi nyeusi kwa mkupuo mmoja, na stika ikakatika safi bila shida yoyote.

Duka lao lilikuwa na desturi. Stika ya kwanza haendi nayo mteja. Hupelekwa nyumbani ikabandikwa mahali penye pilikapilika, wapate kujua kama gundi inashika au inadanganya. Friji ilikuwa imeshajaa nembo za watu, kwa hiyo hii waliibandika kwenye mlango wa chumba cha binti yao.

Binti huyo walimwita Chiriku, na jina lilimkaa. Aliongea akila, aliongea akiogeshwa, aliongea usingizini. Baba yake alipenda kusema kwamba mtoto huyu alizaliwa akiwa katikati ya sentensi. Mchoraji alilalamika juu ya kelele zile kila siku ya Mungu, na hakuna kitu duniani alichokipenda zaidi.

Jua lilipozama, nyumba ilinuka chuma kilicholoa. Walikagua mabomba, hawakuona kitu. Mezani Chiriku alikuwa akisimulia habari za shuleni. "Halafu mwalimu akamwambia yule..." akasita. Akajaribu tena, akasita palepale.

"Nini tena?" baba yake akamtania. "Betri imeisha?"

"Lile neno limetoka," Chiriku akasema taratibu, huku akiutazama mlango wa chumba chake.

Siku zilizofuata maneno yalizidi kumtoka. Kwanza yale makubwa, kisha majina ya wenzake, kisha ya vitu vya mezani. Na kila jioni, harufu ile ikishaingia, walisikia ukucha. Ulikuwa ukucha mmoja unaoburuzwa ukutani ndani ya chumba, unaanzia mlangoni, unapita kona ya kabati, unapita chini ya dirisha, unarudi mlangoni, unasimama kidogo, halafu unaanza tena, bila haraka, kama mtu anayepapasa gizani kutafuta alikoingilia. Rangi ya ukuta ilianza kuchubuka, mstari mwembamba, kwenye kimo cha mtoto.

"Ni wewe unayekwaruza?" mchoraji aliuliza kwa kunong'ona.

Chiriku alitikisa kichwa. "Anataka kutoka," alisema. "Ukuta hauna... hauna..." Akakiweka kidole chake kwenye midomo, na hakuimaliza sentensi.

Mumewe alibandua stika. Ilitoka nzima, lakini alama ilibaki mlangoni, nyeusi vilevile. Akapiga msasa mpaka mbao ikawa nyeupe, na alama ikaonekana ndani ya mbao. Walimhamishia Chiriku kwa jirani, na kule hakutoa hata sauti moja, alikaa tu mdomo wazi machozi yanamtoka, mpaka aliporudishwa chumbani ndipo akaweza kusema "mama", hivyo wakalazimika kumlaza mlemle, wao wenyewe, kwa mikono yao, wakakaa nje ya mlango wakisikiliza ukucha ukizunguka.

Ndipo wakamwita shangazi wa mume. Shangazi alikuwa mganga, na kwa kawaida mpwa wake alimkwepa kwa sababu hiyo. Alikuja na mkoba mtupu, akanusa sebuleni, akaitazama alama.

"Nani kaziba?" aliuliza.

"Mimi," mchoraji akasema.

"Mimi ndiye niliyemwambia," mumewe akadakia.

"Gombaneni baadaye." Shangazi alishusha sauti. "Huyu ana njia yake, anapita. Mmemwekea njia ndani ya nyumba, halafu mkamfungia. Amezunguka ukuta mzima hakupata pa kutokea. Ameona mdomo wa mtoto, ndio kitu pekee humu ndani kisichofungwa. Kila akijaribu kupita hapo anarudi na neno."

"Tuuvunje mlango?"

"Uvunje, utapata vipande vyenye alama. Mstari hauko mlangoni, uko ulikochorwa. Utaukata huko, wewe uliyeuunga, jua likizama, wakati anaanza kuzunguka." Kisha akamshika mchoraji mkono. "Atakapokuwa anatoka, mtoto asitoe neno. Hata moja. Baba yake amzibe mdomo mpaka harufu iishe. Neno litakalotoka wakati huo litaondoka naye, na yote yaliyobaki yatalifuata. Umenisikia?"

Alimsikia. Jioni hiyo alikaa peke yake dukani, simu iko wazi kando ya kipanya, upande wa pili mumewe kampakata mtoto na shangazi kasimama mlangoni. Ukucha ulisikika kwenye simu. Shangazi akasema, "Sasa," naye akakata mstari chini kushoto, palepale.

Nukta zilirudi zikaungana. Akakata tena, zikaungana, akakata, na ukucha kule nyumbani ukaongeza mwendo, ukazunguka, ukazunguka, mpaka haukuwa ukucha tena bali mlio mmoja usiokatika, naye akakata na kuivuta nukta kwa nguvu zake zote mbali na mwenzake, akaishikilia huko, na umbo likatoka rangi, likabaki mstari mtupu wenye upenyo. Mlio ukakoma.

Simu ilikuwa kimya. Hakusikia mumewe, hakusikia shangazi, hakusikia pumzi ya mtu. Alisubiri kadiri mama anavyoweza kusubiri, na mama hawezi sana.

"Chiriku," aliita. "Mwanangu, upo?"

Kule mumewe alisikia sauti ya mkewe akadhani yamekwisha, akalegeza mkono.

"Mama, nipo," Chiriku alisema.

Yalikuwa maneno safi, makamilifu. Na yalipotoka hayakusimama. Sauti ile iliendelea kuongea, ikitaja mwalimu, ikitaja majina ya wenzake, ikimaliza hadithi zote zilizokatika, huku ikienda mbali, mpaka haikusikika tena. Harufu ikaisha. Shangazi akasema jambo kwa sauti ya chini, kisha yeye na mpwa wake wakaanza kulia.

Alama ilifutika mlangoni. Chiriku alikula, alilala, alikwenda shule. Hakusema kitu. Hospitali walimwangalia koo wakasema ni zima.

Stika ya mzee walimkatia yenye upenyo, mumewe akaibandua kwa wembe na subira. Haukupita muda mrefu mzee akapiga simu.

"Stika ni nzuri, mwanangu," alisema. "Ila mpita njia siku hizi ana maneno."

"Maneno gani?"

"Ya mtoto wa kike. Jua likizama anaingia getini anaongea, anatoka bado anaongea. Mambo ya shule. Wajukuu zangu wanamcheka, wameshamzoea. Hana ubaya. Ila kila akitoka anasema, 'Mama, nipo.' Sasa nikajiuliza, huyo mama ni nani."

Mchoraji alikwenda kusimama kwenye geti lile, jioni baada ya jioni, katikati ya wajukuu waliokuwa wakicheza mpira. Sauti ilimpita usawa wa kiuno, changamfu, haimsikii. Aliita, akalia, akaikumbatia hewa. Alijua kitu kimoja tu kinachoweza kuizuia isiondoke, nacho kilikuwa kwenye kompyuta yake dukani. Kila alasiri aliufungua mchoro ule, akaisogeza kalamu kwenye upenyo, kiduara kikatokea. Kisha akawakumbuka wale watoto na midomo yao inayocheka, akafunga programu.

Leo Chiriku alikuja kukaa naye baada ya shule. Aliutazama mchoro kwa muda. Kisha akauondoa mkono wa mama yake kwenye kipanya, akaweka wake, akaanza kuisogeza kalamu chini kushoto. Aligeuka akamtazama mama yake, akafungua mdomo, na hakikutoka kitu.

Nje jua lilikuwa linazama. Mkono wa mtoto ni mwepesi, na mchoraji angeweza kuuzuia kwa kidole kimoja. Hakuuzuia.