Biskuti za Futari ya Wakwe

Wenzangu wa Bagamoyo, na nyinyi wa Zinga na Mbegani, kaeni vizuri niwasimulie habari ya nyumba moja ya Dunda. Nasema mapema kwamba nitakasirika njiani, maana kisa chenyewe kinaudhi.

Vita vya pili vilikuwa vimekwisha miaka michache tu, na vitu vilikuwa vimeanza kurudi madukani. Bwanausi, fundi cherehani, aliishi na mkewe Mwaija, binti yao Ashatu, na dada yake mkubwa, Chausiku, aliyerudi kwa nduguye baada ya kuachika. Ilikuwa nyumba ya raha. Asubuhi ungemkuta Bwanausi barazani akishona, Mwaija uani akichambua mchele, na Chausiku amemkalisha Ashatu mbele yake, anamsuka. Chausiku hakujaliwa mtoto wake mwenyewe, na yeye ndiye aliyemlea Ashatu tangu kitandani. Mtoto huyo alikula kwa mkono wa shangazi yake kabla ya kula kwa mkono wa mama.

Chausiku alisifika kwa vileja, vile vikeki vidogo vya unga wa mchele na samli. Kila arusi ya mtaa alitumwa mtu kwake, naye hakukubali mpaka abembelezwe. Alipenda kubembelezwa, na sisi tulimbembeleza.

Mwaija naye alikuwa na ujuzi wake. Utotoni alikaa Dar es Salaam, mama yake akiwafulia nguo Wagoa, na huko alijifunza biskuti ambazo Bagamoyo hatukuwahi kuzionja. Alipika sukari na siagi mpaka ikawa rangi ya kahawia, akaimwaga kwenye sinia igande. Hiyo ndiyo tofi. Akaiponda vipande vidogo. Chokoleti ya dukani aliiweka ndani ya kopo, kopo akalizamisha kwenye maji ya mtungi ili isiyeyuke kwa joto, kisha akaikatakata kwa kisu. Vyote viliingia kwenye unga, na biskuti zikaokwa ndani ya sufuria yenye mchanga, moto chini na makaa juu ya kifuniko. Harufu yake ilitoka mpaka njiani. Watu walisimama wakajifanya wamekuja kusalimia.

Basi kuanzia hapo Chausiku hakulala kwa amani. Mtu akisema, "Mwaija, leo hupiki?" yeye husikia, "Chausiku, umekwisha." Akianza kukanda unga, anajiuliza ni nani atakayekula. Hakuna aliyemtukana. Hakuna aliyevikataa vileja vyake. Lakini wivu hausubiri mtu atukanwe, ndugu zangu. Ulimkalia kifuani, na kila sifa ya wifi yake ilimchoma.

Ikaja posa ya Ashatu. Mchumba alikuwa Majaliwa, seremala kijana, mwana wa Bi Mardhiya wa mjini, na wawili hao walipendana waziwazi. Mahari ilikwisha kutolewa, ikabaki arusi baada ya Idi. Ramadhani ilipoingia, nyumba ya binti ilipaswa kupeleka futari kwa wakwe, kama ada. Bi Mardhiya akatuma salamu: "Mwambieni Mwaija asisahau zile biskuti zake."

Zile biskuti zake! Chausiku aliyasikia hayo akiwa jikoni. Mtoto aliyemlea yeye anaolewa, na sifa anazipata mwingine. Siku hiyohiyo alikwenda sokoni kwa muuza dawa, akanunua shubiri.

Mnaijua shubiri. Ni chungu kupita maelezo, na wanawake huipaka kwenye chuchu wanapomwachisha mtoto ziwa, ili alichukie. Iliyokauka ni ya kahawia iliyokolea, inang'aa, na ukiiponda huwezi kuitofautisha na tofi kwa macho.

Mwaija aliponda tofi yake, akaiacha kwenye bakuli, akaenda kuswali adhuhuri. Aliporudi bakuli lilikuwa pale pale, limejaa vile vile. Nusu yake ilikuwa shubiri. Aliichanganya na unga, hana hili wala lile, kisha akasita, akamwita Chausiku. Ashatu alikuwa kando akipepea makaa.

"Wifi, naona kama sukari imenipungukia. Hebu nionjee kwa ncha ya ulimi, uteme. Mimi nina wasiwasi na saumu yangu."

Chausiku alichovya kidole, akakipeleka mdomoni bila kukigusisha ulimi, akatema mate yake matupu. "Iko sawasawa," alisema. "Tamu. Oka tu."

Hebu tazameni alivyopanga! Watu wote wamefunga, hakuna wa kuonja, na chakula kinaondoka kabla ya adhana. Alitaka Mwaija aaibike tu. Aliyaona akilini makunyanzi ya Bi Mardhiya, na mtaa mzima ukirudi kwenye vileja. Arusi ya Ashatu haikumpitia moyoni hata kidogo, maana wivu ulikuwa umejaa humo, hapakuwa na nafasi.

Kupeleka futari kwa wakwe ni kazi ya shangazi, na Chausiku aliibeba, sinia limefunikwa kawa. Nia yake ilikuwa kulitua na kurudi upesi. Lakini Bi Mardhiya alimshika mkono mlangoni.

"Mkwe wangu, ufuturu njiani kama huna kwenu? Haiwezekani! Ingia."

Adhana ikaadhiniwa. Wakala tende, wakanywa maji. Kawa likafunuliwa, na wanawake wote wa nyumba hiyo wakamgeukia Chausiku. Ada yetu mnaijua: aliyeleta chakula ndiye anayekionja kwanza, kuwatoa wenyeji wasiwasi.

"Karibu, mkwe," alisema Bi Mardhiya. "Tufungulie."

Chausiku akaitazama biskuti. "Mimi... meno yananisumbua."

"Kipande kidogo tu."

"Sitaweza. Kuleni nyinyi."

Kama angeiuma akavumilia, wangesema Mwaija amekosea mapishi, wakacheka, yakaisha. Lakini alilisukuma sinia mbali naye, na wote walimwona. Bi Mardhiya akavunja biskuti, akainusa, akaigusisha ulimi. Akatema papo hapo.

"Shubiri!" alipiga kelele. "Mwanamke, mwanangu mnamwachisha ziwa? Mmemtengenezea dawa amchukie nani? Atuchukie sisi mama zake?"

Hapo palikuwa na nafasi ya kusema kweli. Neno moja tu lingetosha. Chausiku akasema, "Kapika Mwaija. Mimi nimebeba tu."

Sinia lilifika Dunda kabla ya isha, likibebwa na mjomba wa Majaliwa, Chausiku nyuma yake. Mjomba hakutaka hata kuketi; alidai mahari yote irudishwe. Mwaija aliapa kwa Mwenyezi Mungu huku analia. "Sijatia kitu! Wifi alinionjea!"

Ashatu, aliyekuwa amesimama mlangoni, alimgeukia shangazi yake. "Shangazi, mama alikuomba uonje. Nilikuwepo. Ulisema tamu."

Chausiku akajivutia kanga usoni.

"Dada," alisema Bwanausi taratibu, "ulionja nini?"

Ndipo alipoanguka chini akasema yote. Bwanausi hakumpiga wala hakumfukuza. Asubuhi alimchukua mpaka kwa Bi Mardhiya, na Chausiku akayarudia mbele ya wanawake wale wale. Bi Mardhiya alisikiliza mpaka mwisho.

"Mwaija anisamehe, nilimdhania vibaya," alisema. "Lakini wewe ndiye uliyemlea binti. Kama wewe, unayempenda, umemfanyia hivi, mwanangu atakula nini kwenu bila hofu? Posa imekwisha."

Majaliwa aliomboleza, akabisha, lakini mwishowe alimtii mama yake, akaoa Pangani. Ashatu aliolewa baadaye na mkulima wa Zinga, mtu mwema. Siku ya arusi waliomtoa ndani walikuwa wanawake wengine, si shangazi yake. Hata leo akija Dunda humwinamia Chausiku kwa adabu zote. "Shikamoo, shangazi." Huuliza hali yake, humletea kuni na mafuta ya taa. Lakini shangazi akimwekea chakula, Ashatu husema ameshiba. Huwa hajala kitu tangu alfajiri.

FUNZO

Ndugu zangu, wivu haumpati yule unayemlenga peke yake. Mwaija alifutwa machozi, na biskuti zake zinaliwa mpaka leo. Aliyepoteza mchumba ni mtoto asiye na kosa, na aliyempoteza mtoto ni Chausiku mwenyewe. Ukisikia mwenzako anasifiwa na roho ikakuuma, toka, nenda kaoge, kaswali, kalale, fanya lolote, lakini usiingie jikoni. Na ukiwa umekwisha kukosa, sema kweli pale pale, kabla mwingine hajabebeshwa. Msamaha Chausiku aliupata kwa nyumba nzima. Kuaminiwa hakukupata tena.