Nambari Tu, Mama

Nina miaka thelathini na tisa, nafundisha fizikia hapa Kakamega mjini, na tangu mwaka jana watu wananiita Daktari. Wakiniita hivyo huwa natabasamu... halafu nikifika kwangu nafunga mlango na kulia. Wasomaji wenzangu, ngojeni niwaeleze kwa nini.

Utafiti wangu wa uzamifu ulihusu seli za sola za utando mwembamba. Si zile paneli nzito mnazoziona kwenye mapaa. Hizi nilizitengeneza mwenyewe maabarani, kwa kupaka kemikali juu ya kioo, tabaka jembamba kuliko unywele. Swali lilikuwa moja tu: je, zikikaa nje mwaka mzima zitadumu? Zikidumu, nimepata digrii. Zikiharibika nami nisijue sababu, basi miaka yangu minne imekwenda bure.

Paa la maabara yetu lilikuwa likikarabatiwa, kwa hivyo nilipeleka vioo sita nyumbani kwetu Khwisero, kwa mama. Baba alishafariki, mama alikuwa akiishi peke yake. Nilimpa mita ya kupimia umeme, nikamfundisha kuisoma, nikamwambia aviweke juani pale uani, na kila siku saa sita aandike nambari kwenye daftari. Mama hakuvuka darasa la saba, lakini lo! Alivyoifurahia kazi hiyo! Kanisani aliwaambia kina mama wenzake kwamba siku hizi hata yeye ni mtu wa chuo kikuu.

Kila Jumapili alinipigia simu anisomee nambari. Aliniita Mayi, yaani mama, kwa sababu nilipewa jina la mama yake. "Mayi, hii mvua inanyeshanga saa nane, sasa mimi..." Nami namkatiza: "Nambari tu, mama. Niko na kazi." Anacheka kidogo, anasoma nambari. Jumapili baada ya Jumapili... nambari tu, mama!

Na nambari zenyewe zilikuwa tamu! Miezi kumi, vioo havijapoteza nguvu. Msimamizi wangu hakuamini macho yake. Nikasimama mbele ya idara nzima, nikajigamba kwamba seli zangu zinahimili jua na mvua ya Kakamega. Walinipigia makofi. Kichwa kilivimba, sitaficha.

Wiki iliyofuata nikaenda kumwona mama, mara ya kwanza tangu nimpe kazi ile. Khwisero si mbali... lakini ndivyo nilivyokuwa. Alikuwa amechinja ingokho, kuku wa kumheshimu mgeni, akawaita na kina mama watatu wa kanisa waje wamwone Mayi wake. Kufika saa nane, mawingu yakajikusanya. Mama akainuka mbio. Akaanua mahindi yaliyokuwa kwenye turubai, akaanua nguo, kisha... akavikusanya vioo vyangu ndani ya leso na kuviingiza nyumbani!

Nikamuuliza amekuwa akifanya hivyo tangu lini. Akanitazama kama mtu aliyeulizwa jambo la ajabu. Tangu siku ya kwanza, akasema. Kwani ni nani kwetu anaachanga kitu alichoanika kinyeshewe? Tena alikuwa akivipangusa vizuri kabla ya kuvirudisha nje.

Mimi sikuwahi kumwambia neno lolote kuhusu mvua. Sikuwahi! Lakini je, nilijilaumu? Thubutu! Nilimfokea mama yangu mzazi mbele ya wageni wake. Nilimwambia ameniua. Nilimwambia hayo ndiyo matokeo ya kumpa mtu asiyesoma kazi ya wasomi. Wale kina mama wakatazama chini.

"Pole, Mayi," mama akasema. "Sitaanua tena."

Niliondoka bila kugusa chakula chake. Ile ingokho nzima ilibaki mezani.

Aliendelea kunipigia simu. Sikushika. Nilidhani anataka kuomba msamaha, nami nilitaka aumie kidogo kwanza. Mungu anirehemu! Baada ya mwezi hivi, simu iliyokuja ilikuwa ya kaka yangu. Mama alikuwa ameanguka shambani, presha. Nilipofika, tayari jirani alikuwa amemfunika shuka.

Siku mbili kabla ya mazishi nilitumwa nitafute karatasi zake ili tuandike wasifu. Chini ya Biblia yake nikakuta daftari. Juu limeandikwa: Vioo vya Mayi. Nikalifungua... Jamani! Kando ya nambari, kila siku ya mvua, mama alikuwa ameandika. Mvua saa nane. Nimeanua. Nimerudisha saa kumi. Ukurasa baada ya ukurasa! Hakunificha kitu. Hayo ndiyo maneno aliyokuwa akitaka kunisomea kila Jumapili.

Na baada ya siku ile niliyomfokea, hakuacha kazi. Leo imenyesha. Sijaanua, Mayi alikataa. Siku chache mbele: Kioo cha pili kimefanya ukungu pembeni, nambari imeshuka. Kisha: Vyote vimeshuka. Ni maji yanaingia, si jua. Na mstari wa mwisho kabisa: Nimempigia Mayi nimwambie ni maji. Hajashika.

Nilikaa sakafuni hadi kaka akaja kuniinua.

Msimamizi wangu alipolisoma daftari lile alisema utafiti wangu wote ni huo. Miezi kumi bila mvua, mwezi mmoja na mvua, na tofauti imeandikwa wazi. Nikarudia vipimo maabarani, vikakubaliana na mama. Nikafaulu. Siku ya kuvaa joho, kile kiti nilichopewa cha mzazi nilikiwekea mkoba wangu, maana sikuweza kukiona kitupu.

Wenzangu mnaosoma, na ninyi mliokwisha kusoma, msipite nilikopita mimi. Ile ingokho ningeila! Zile simu ningeshika! Kisomo changu kilinifundisha kupima nguvu ya jua, lakini hakikunifundisha kumsikiliza mtu mmoja kwa dakika mbili. Ukimpa mzazi wako kazi, muulize anaifanyaje. Akikupigia umekasirika, shika hivyo hivyo na hasira zako. Na akianza kukueleza habari za mvua, tafadhali... mwache amalize.