Ukurasa wa Kumi na Mbili

Katika mtaa wetu hakuna aliyesoma vitabu vingi kama mimi. Hata mwalimu mkuu haniwezi. Haya, nimetia chumvi: mimi ni kipofu, shule niliishia darasa la nne, na vitabu vyote nimesomewa na kidude kidogo kama kipande cha sabuni. Nusu yavyo nimevisikiliza huku nakoroma.

Mjukuu wangu, tunayemwita Chiriku kwa wingi wa maneno, ana miaka kumi na miwili. Kila Jumamosi huchukua kadi ya kidude changu na kwenda dukani kwa fundi wa kompyuta, nyuma ya shule yao. Fundi alimfundisha kusahihisha maandishi kwenye kompyuta, kisha kuyageuza yawe sauti. Sauti yenyewe ni ya bwana mmoja mwenye mafua yasiyopona, lakini tumezoeana. Kwa umri wangu sichagui.

Mwaka huu mama yake Chiriku, binti yangu wa pekee, alifariki. Alikuwa karani. Wenzake wa ofisini walituletea vitu vyake: kikombe, kandambili na flashi. Ndani ya flashi mlikuwa na maandishi yenye kichwa hiki: "Ya Mama. Asomewe."

"Nitakuwekea Jumamosi, Bibi," alisema Chiriku. Hakuongeza neno. Ningepaswa kushtuka.

Jumamosi ilipofika nilikaa kitandani nikasikiliza. Binti yangu alikuwa ameandika habari za utoto wake: siku aliyoficha viatu vyangu ili nisiende kazini, mwaka macho yangu yalipofifia, akanifundisha kwenda jikoni kwa kuhesabu hatua. Kila ukurasa, yule bwana alitangaza kwanza namba aliyoiandika binti yangu: "Ukurasa wa tatu kati ya kumi na mbili." "Wa nne kati ya kumi na mbili." Akafika wa kumi na moja. Kisha kimya.

"Yamekwisha, Bibi," Chiriku alisema haraka. "Mama hakuwahi kumaliza."

"Hakumaliza, lakini alijua zitakuwa kumi na mbili?"

"Labda kompyuta imekosea."

"Mjukuu wangu, huyu bwana ana mafua, hana uongo. Na mimi kazi yangu ni kuhesabu. Ukurasa wangu uko wapi?"

Akaanza kulia. "Niliufuta. Mama ameandika kwamba mimi nilijua anaumwa, nilijua kabla yako. Nikaogopa utanichukia."

"Uliusoma wote?"

"Hapana. Nilipoona jina langu tu, nikaufuta."

Nilishika bega lake, tukaenda kwa fundi.

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba, mwanangu. Tumekuja kutafuta ukurasa uliopotea."

Fundi alitusikiliza, akashusha pumzi. "Maandishi ya marehemu siyafuti mimi. Nakala ipo." Akabonyeza vitufe vyake, akaurudisha ukurasa kwenye kadi ya kidude changu. Sote watatu tukasikiliza.

"Ukurasa wa kumi na mbili kati ya kumi na mbili. Mama, daktari aliniambia tangu mwezi wa pili. Nilikudanganya kuwa ni vumbi la ofisini. Chiriku anajua, kwa sababu alinikuta nimeanguka bafuni. Nilimwapisha asiseme. Usimkasirikie, Mama. Mzigo ule haukuwa wa kimo chake. Mkumbatie, umwambie autue."

Nilimkumbatia pale pale. Mtoto alitetemeka kama nguo kwenye kamba. Fundi alijifanya anatafuta karatasi.

"Sikia, mjukuu wangu," nilimwambia. "Anayemsomea kipofu amemwazima macho. Ukimficha neno, umempofusha mara ya pili. Na wewe ungeubeba mzigo huo hadi uzeeni, kumbe msamaha wako ulikuwa mistari mitatu tu chini ya jina lako. Ukweli usome mpaka mwisho."

"Nimekosa, Bibi. Sitarudia."

Jumatatu asubuhi alikichaji kidude changu kikajaa, akaenda shule. Aliporudi alasiri aliniuliza kwa upole, "Bibi, umeusikiliza tena ule ukurasa? Fundi amesema usijiumize."

"Hata kidogo!" nilijibu. "Kutwa nzima nachambua maharage."

Chiriku alikiokota kidude kutoka kwenye mto wa kitanda changu, akabonyeza kitufe.

"Chaji imebaki asilimia mbili," alisema yule bwana mwenye mafua. "Ukurasa wa kumi na mbili kati ya kumi na mbili."