Lita Ishirini na Tano

Mkunga alikutwa amelala kifudifudi kwenye mtaro wa barabara ya machimbo ya mawe, kiatu chake kimoja cha kutokea kikiwa hatua kumi nyuma yake. Wavunja mawe waliokuwa wakienda kazini asubuhi ya Ijumaa ndio waliomwona. Mmoja alidhani amesinzia. Mwenzake alitazama mara moja tu, akavua koti lake na kumfunika.

Inspekta alifika saa mbili. Alikuwa mzito wa mwili, mwepesi wa macho, na alikuwa na siri moja ambayo askari wake wote waliijua: hesabu zilimpiga chenga tangu darasa la nne.

"Amegongwa kwa nyuma," alisema daktari wa polisi akivua glavu. "Jana, kati ya saa kumi na saa kumi na mbili jioni. Na aliyemgonga hakufunga breki."

"Umejuaje?"

"Tazama barabara. Hakuna alama hata moja ya tairi iliyoburuzwa."

Koplo, mwanamke kijana asiyeacha kitu kimpite, alikuwa amepiga magoti akiokota vipande vya kioo cha taa kwa kibano. Kwenye mkoba wa marehemu kulikuwa na mkwaruzo wa rangi nyeupe.

Jirani wa marehemu alihojiwa palepale, machozi yakimtoka.

"Alikuwa mkunga hospitali ya mbali huko. Alipostaafu akahamia hapa, mwaka jana mwezi wa tatu. Anaishi na mjukuu wake wa miaka tisa. Mtoto hatembei."

"Jana alikuwa anakwenda wapi?"

"Mjini. Aliniachia mtoto. Akaniambia, 'Leo nakwenda kuutua mzigo, mwenzangu.' Nikamwuliza mzigo gani, akacheka tu."

Maabara ilijibu siku iliyofuata. Kioo kilikuwa cha gari refu la familia la aina moja ya zamani. Meupe ya aina hiyo mjini yalikuwa manne. Matatu taa zake zilikuwa zimefubaa kama macho ya mgonjwa. La nne lilikuwa la mfamasia wa mtaa wa soko, na taa yake ya kushoto iling'aa kama imetoka dukani.

"Hii ilivunjika lini?" Inspekta aliuliza.

"Alhamisi," alisema mfamasia. Alikuwa mtu msafi, mpole, wa kuongea polepole. "Lori lilirusha jiwe. Nilikuwa natoka ghala la dawa."

"Ulitoka ghalani saa ngapi?"

"Saa nane na nusu. Nikapata pancha njiani. Nimefika nyumbani saa kumi na mbili."

Ghala la dawa lilikuwa upande mwingine kabisa wa mji. Kabla Inspekta hajauliza swali la pili, mke wa mfamasia alitoka ndani na daftari. Alikuwa mwalimu wa hisabati, miwani imening'inia kifuani kwa kamba.

"Afande, gari hili haliendi mahali nisijue," alisema. "Kila asubuhi na kila jioni nasoma mita. Alhamisi limetembea kilomita mia moja na nne. Ghala ni hamsini na mbili. Kwenda na kurudi. Hakuna hata kilomita ya kununulia sigara."

Inspekta aliomba daftari, akashukuru, akaondoka. Machimboni kulikuwa kilomita kumi na tisa kutoka njia panda ya mjini. Kwenda na kurudi, thelathini na nane. Hizo hazikuwapo.

"Kioo ni cha gari lile," alisema wakiwa njiani.

"Ndiyo, afande."

"Na mita inasema gari halikwenda."

"Ndiyo, afande."

"Usinijibu ndiyo kwa yote mawili, Koplo! Moja liwe ndiyo, moja liwe hapana."

Koplo alikuwa anapekua daftari. Kila Ijumaa mwalimu alijaza tangi hadi juu, akaandika lita zilizoingia, akagawanya kilomita za wiki kwa lita hizo. Ijumaa ya mwisho aliandika: kilomita 212, lita 25, wastani 8.5. Pembeni palikuwa na alama ya kuuliza, imekandamizwa hadi karatasi ikatoboka.

Koplo alikuwa na kitabu cha gari la aina ile. Kiliandika kilomita kumi na sita kwa lita moja.

Inspekta alihesabu kwa vidole, akakosea, akaazima kikokotoo. "Mia nne! Lita ishirini na tano ni kilomita mia nne! Huyu mtu ametembea karibu mia mbili za siri. Alikwenda kuua nani mwingine?"

Walirudi kwa mwalimu. Alisikiliza, kisha akatabasamu kwa huruma, kama kwa mwanafunzi aliyejitahidi.

"Kitabu hicho walipima gari jipya, tupu, barabara tambarare, hakuna mtu mbele yao. Hili letu lina miaka kumi na saba, linapanda vilima na maboksi. Halijawahi kufika kumi na sita hata likishuka mlima."

"Sasa ukweli wake ni ngapi?"

Tabasamu likamtoka. "Hilo ndilo linalonisumbua, afande. Zamani lilikuwa kumi. Kumi kila wiki, kama saa. Halafu mwaka jana likaanza kulewa. Wiki tatu linakunywa vizuri, wiki ya nne linashuka, nane na nusu, nane na nusu. Nimebadilisha chujio la hewa. Nimebadilisha plagi. Nimelala chini ya gari nikinusa kama petroli inavuja. Mume wangu ananicheka, anasema gari lina siku zake."

"Lilianza mwezi gani?"

"Wa tatu."

Inspekta alimtazama Koplo. Koplo alitazama ukuta.

Gari lilipelekwa kituoni Jumatatu. Inspekta aliamua kulipima mwenyewe, kwa maana hakuamini tena kitabu, daftari, wala kichwa chake. Walijaza tangi, wakapakia maboksi yenye uzito wa dawa, wakaenda ghalani na kurudi. Koplo aliwafuata na gari la kituo ili kuhakiki mita. Waliporudi, tangi lilikubali lita nane tu.

"Kumi na tatu kwa lita," alisema Koplo akikuna kichwa.

"Kumi na sita, nane na nusu, kumi, na sasa kumi na tatu." Inspekta alikaa kwenye ngazi ya kituo cha mafuta, akashika tama. Alijiona kama mtu anayeulizia njia kwa watu wanne, kila mmoja akanyoosha mkono upande wake. Kama gari lilikula kidogo hivyo, mfamasia alikuwa na kilomita mia za ziada. Kama lilikula sana, hakuwa na hata moja. Mtu mmoja alikuwa muuaji asubuhi na malaika jioni.

Muuza mafuta ndiye aliyemwokoa. "Afande, gari umeliegesha limeinama. Pampu imekata kabla tangi halijajaa. Lisogeze pale palipo sawa."

Walirudia safari yote Jumanne. Pampu ileile, gari limesimama sawasawa, mafuta yakaonekana mdomoni mwa tangi. Kilomita mia moja na nne. Lita kumi na nukta nne.

"Kumi," alisema Koplo kwa sauti ndogo. "Lita ishirini na tano ni kilomita mia mbili na hamsini. Mita ilihesabu mia mbili na kumi na mbili."

"Toa."

"Thelathini na nane, afande."

Fundi aliingia chini ya dashibodi na tochi. Hakuchukua muda.

"Kebo ya mita hii ina vumbi la miaka," alisema. "Ila nati yake inang'aa. Imefunguliwa kwa mkono, mara nyingi tu. Ukiitoa, gari linakwenda, mita inalala."

Mfamasia aliletwa ofisini saa tisa alasiri. Mkewe alikaa kwenye benchi ukumbini, hakukubali kurudi nyumbani.

"Kwa nini ulikuwa unafungua kebo?"

"Sijui kebo."

"Mara moja kila mwezi, tangu mwaka jana mwezi wa tatu. Mwezi aliohamia mkunga."



"Jirani atakutambua," alisema Koplo.

Mfamasia alifuta meza kwa kiganja ingawa haikuwa na vumbi. "Mke wangu husoma mita. Ningemwambia nini?"

"Ulifuata nini kule?"

"Mwanangu." Alisema kama mtu aliyetapika. "Miaka tisa iliyopita mke wangu alijifungua kwa upasuaji, akakaa siku tatu hajitambui. Mtoto alizaliwa ana kasoro mgongoni. Walisema hamalizi wiki. Nikaona, akiamka aambiwe mtoto amefariki, asimsubiri afe mbele yake. Mkunga akanisaidia. Nilidanganya kwa wiki moja tu, afande. Mtoto akaishi."

"Na ukanyamaza."

"Kila siku ilikuwa ngumu kuliko jana yake. Mkunga akamlea. Lakini mtoto ameanza kuuliza mama yuko wapi. Alhamisi nilimkuta bibi barabarani, anakwenda kumwambia mke wangu. Nikamsihi. Nilimpigia magoti kwenye vumbi. Akasema, 'Pisha, baba, nimechoka,' akanipita. Nikarudi kwenye gari. Sikufunga breki. Nilitaka tu asifike."

Inspekta alitoka hadi ukumbini. Mwalimu alisimama.

"Gari lina ubovu gani?" aliuliza.

"Gari ni zima, Mwalimu. Kaa kwanza."

Alimweleza yote, bila kupamba. Mwalimu hakupiga kelele. Alivua miwani, akaivaa, akaivua tena. Alitazama mlango ambao mumewe alikuwa nyuma yake, kisha akageuka kabisa, akaupa mgongo.

"Ni wa kike au wa kiume?"

"Wa kike."

"Anaitwa nani?"

Inspekta alifunua kadi ya kliniki iliyokuwa kwenye mkoba wa marehemu. Siku ile aliisoma akaona ni jina tu kama majina mengine.

"Mkunga alimpa jina lako," alisema.