Sare Nilizozimwaga Laivu Mbele ya Mama

"Zima simu, Aida! Zima!"

Mama alipiga kelele ukumbi mzima ukageuka... na mimi nilikuwa laivu!

Mkononi nimeshika gauni bovu nililolivuta kwenye mfuko wa nguo za kutupwa. Shingoni lina lebo yangu.

Na mfuko ule ulikuwa wa mama yangu mzazi!

Jamani, ngoja niwaeleze, maana mpaka leo nikipanda treni ya kurudi kwetu Fisksätra nainamisha kichwa.

Mwenzenu nauza sare za harusi hapa Stockholm, Uswidi. Kiwanda cha nje kinanishonea, mimi naziingiza nchini. Na mnatujua sisi... harusi moja, sare moja. Irudie kwenye harusi ya mwingine uone utakavyosemwa!

Basi tukasikia sheria mpya iko njiani. Anayeingiza nguo na viatu vipya atalipia ada, ili vikichakaa vikusanywe na kuchambuliwa. Na nguo isiyodumu inaweza kutozwa zaidi.

Nikawaka! Nikarusha voisi kwenye grupu la wafanyabiashara wetu.

"Watupaji ni wao, wazungu! Sisi hatutupi nguo! Na zangu zinadumu, ada silipi!"

Severin, mwenyekiti wetu, Mkongo mmoja mpole sana, akanijibu.

"Dada Aida, ungeuliza wateja kwanza."

"Niulize nini? Jumamosi si watu wetu wanaleta nguo mbovu pale ukumbini zije kuchukuliwa zikachambuliwe? Nitaingia laivu. Mkiiona yangu hata moja, niiteni mwongo!"

Kiherehere changu hicho...

Jumamosi nikafika, simu juu, napekua mifuko. Hakuna yangu. Nikazidi kutamba!

Kwenye kona nikamkuta mama amekaa, mfuko mkubwa miguuni.

"Shikamoo mama. Nifungue na huu?"

"Marahaba. Huo uache."

"Kwa nini?"

"Uache, mwanangu, nimesema."

Nikaicheka kamera. "Oneni, mama yangu naye ana siri!"

Nikafungua, nikavuta gauni moja, mengine yakamwagika sakafuni.

Sare za harusi ya Josephine, rafiki yangu. Zimejaa mfuko mzima! Rangi imechuja, mishono imeachia kwapani.

Hapo ndipo mama alipopiga ile kelele.

Komenti zikaanza kumiminika. Orpha, bibi harusi aliyeniagiza sare juzi tu, akaandika: "Ndizo utakazowavalisha wageni wangu?"

Nikamgeukia mama.

"Mama, unanikusanyia ushahidi? Umenisaliti!"

Aliyejibu ni Josephine, alikuwa pale pale anapanga mifuko.

"Aida, shika adabu! Zilianza kuachia siku ile ile ya harusi yangu. Watu walitaka kukuanika. Mama yako akapita nyumba kwa nyumba, mpaka mji wa Södertälje, anakuombea radhi. Zinazoshoneka alizishona upya kwa cherehani yake. Hizo ulizomwaga ni zilizoshindikana."

Nilitamani ardhi ipasuke inimeze!

"Mama... kwa nini hukuniambia?"

"Ulikuwa na furaha sana na biashara yako. Sikutaka uaibike."

Akainuka kuokota zile nguo. Koti likafunguka, nikaona alichovaa ndani. Gauni la sare zangu hizo hizo! Kwapani amelitia kiraka cha kitenge.

Nikazima simu. Nilikuwa nimechelewa, wajanja walisharekodi.

Orpha alivunja oda, na simlaumu hata kidogo.

Mdomo uliponza kichwa, ndugu zangu. Mimi niliyepayuka kwamba silipi ada, kumbe ilikuwa inalipwa siku zote! Mama ndiye aliyeilipa, kwa kuinama kwenye milango ya watu.

Ukileta kitu duniani, ulizia na mwisho wake. Usipousafisha uchafu wako, yupo anayekusafishia kimyakimya, na wewe unamtukana.

Nimemwomba mama msamaha kwa magoti. Amenisamehe, siku hizi ananifundisha kushona.

Ila ile video bado inazunguka. Mimi aibu naistahili...

Lakini sura inayoonekana humo, inayoficha macho kwa mkono, ni ya mama.

Ikikufikia, nakuomba, ifute.