Wakili Nitamchagua Mimi

“Saini hapa tu, shemeji. Nafasi nyingine nitajaza mwenyewe.”

Josepha alishika kalamu lakini hakuandika. Mgongoni, binti yake Asnath alikuwa amelala, mate yanamlowesha bega.

“Nisaini karatasi tupu, shemeji Nickson?”

“Wakili mimi, fundi cherehani wewe. Kila mtu na kazi yake.”

Ilikuwa mwaka 2014, Kasulu mjini. Nickson alikuwa na chumba nyuma ya duka la vifaa vya ofisi, na bango lake: WAKILI WA VIZA ZOTE. Fidele, baba yake Asnath, alikuwa Kanada tangu mwishoni mwa 2011, alipochukuliwa kutoka kambi ya wakimbizi na mama yake aliyetangulia huko. Nickson alikuwa rafiki yake wa mpira, na ndiye aliyekabidhiwa na Fidele safari ya Josepha.

Josepha akafunua ukurasa. Sehemu moja ilikuwa imeshajazwa: Tarehe ya ndoa, Agosti 2011.

“Mbona mimi na Fidele hatujafunga ndoa?”

“Baba yako si alipokea mbuzi wa mahari Agosti ile? Kijiji kizima cha Muyama kinakuita mke wa Fidele. Cheti nitakitafuta.”

“Utakitafuta wapi, na padri hajatufungisha?”

“Shemeji, unataka kwenda au hutaki?”

Alitaka. Lakini aliiweka kalamu mezani, akatoka.

Hajafika nyumbani, simu ikaita.

“Mama Asnath, Nickson anasema umegoma.”

“Sijagoma, Fidele. Ndoa ya uongo sisaini.”

“Uongo gani? Kwetu mahari ikipokelewa, umeoa.”

“Na hao wa viza nao walikula mbuzi?”

Fidele hakucheka.

“Ameniambia na jingine. Kwamba hayo masomo yako ya jioni hayaishi kwa sababu ya mwalimu wako, Khatibu.”

Josepha alisimama katikati ya barabara. Pikipiki ikampigia honi.

“Nimekuzalia. Nimekungoja miaka mitatu. Leo unaniuliza hilo kwa mdomo wa Nickson?”

Simu ikakatwa. Baada ya dakika tano ukaingia ujumbe: “Ijumaa ikifika hujasaini, nitajua umemchagua nani.”

Alilia, ndiyo. Alilia huku anakoroga uji wa mtoto. Asubuhi akanawa uso, akaenda kwa Ghati, mwanamke mrefu kutoka Mara mwenye ofisi karibu na mahakama. Ghati alimsikiliza hadi mwisho.

“Mdogo wangu, mimi ni wakili wa mahakama za hapa nchini. Viapo nitakuandikia, nakala nitazithibitisha. Viza ya Kanada siijui, sitakudanganya.”

“Na Nickson je?”

Ghati akafungua kompyuta, akatafuta, akatafuta tena.

“Kwenye orodha ya mawakili hayumo. Mtu akikuambia ni wakili, muulize ameandikishwa wapi na namba yake ngapi. Halafu usiishie kwake, waulize waliomwandikisha.”

“Na wa Kanada nitampataje?”

“Nao wana orodha zao mtandaoni. Vuta kiti.”

Mtandao ulikuwa unakwenda kwa kusuasua. Wakapata majina matatu ya kweli, wakayaandikia yote. Wa kwanza hakujibu. Wa pili alijibu kesho yake kwamba viza itatoka ndani ya siku sitini, bila wasiwasi.

“Huyu mfute,” Josepha akasema. “Ameahidi kabla hajauliza hata kama nina mtoto.”

“Yumo kwenye orodha lakini.”

“Yumo. Ila simtaki.”

Wa tatu, Immakulata Hatungimana, alipiga simu mwenyewe, Kiswahili chake kina lafudhi ya Bujumbura.

“Dada Josepha, kabla ya yote: Fidele alipokuja huku 2011, kwenye fomu zake aliandika ameoa au hajaoa?”

Josepha hakujua. Ijumaa, akiwa nje ya ofisi ya Nickson, akampigia Fidele. Alipokea mara ya nne.

“Sikupigii kwa ajili ya Khatibu. Khatibu ana mke na wajukuu watano. Nijibu moja: 2011 uliandika umeoa?”

“Niliandika sijaoa. Hatukuwa tumefunga ndoa.”

“Nickson ameandika tulioana Agosti mwaka huohuo, kabla hujaondoka. Wakizilinganisha karatasi, mwongo nani?”

“Wanaweza kutukatalia kabisa,” Fidele akasema polepole. “Wewe, mimi na mtoto.”

“Basi usikate simu. Na usiseme neno.”

Akaifunika simu kwa kanga, akaingia kwa Nickson.

“Nilijua utakuja kusaini, shemeji!”

“Kwanza nipe namba yako ya uwakili.”

“Namba ya nini? Mimi nina uzoefu. Watu wa Manyovu wote wanapita kwangu.”

“Na mwalimu Khatibu, uliniona naye wapi?”

Nickson akacheka, akajinyoosha kwenye kiti.

“Ah, shemeji! Ile ilikuwa ya kukuharakisha tu. Fidele ana wivu, nilijua atakubana usaini.”

Josepha akaitoa simu kangani.

“Fidele, umesikia?”

“Nimesikia,” sauti ikajibu. “Nickson, mpe mke wangu faili lake.”

“Bado si mke,” Josepha akasema. “Mpe Josepha faili lake.”

Akalipata. Josepha alipotoka nje juani, Fidele aliomba msamaha simuni mpaka salio likaisha, akapiga tena, akaendelea.

Wakili Immakulata hakuwapambia maneno: fungeni ndoa kweli, leteni cheti chenye tarehe ya kweli ya ndoa hiyo na cha kuzaliwa mtoto, mngoje. Inaweza kuchukua mwaka, inaweza kuzidi. Na hakuna wa kuwahakikishia.

“Utangoja?” Fidele akauliza.

“Nitangoja. Lakini uje unioe.”

Alikuja Julai 2015. Muyama ikajaa. Mzee Pasikali, baba yake Josepha, alimzungukia mkwe wake mara mbili.

“Ego, ndiwe kweli! Kumbe una miguu! Mimi nilidhani ni sauti tu.”

Walipotoka kanisani, cheti mkononi, wapishi walikuwa wanapakua pilau. Josepha akakunja gauni lake jeupe, akapanda mbele kwenye gari.

“Unakwenda wapi, mke wangu?”

“Kasulu, kwa Ghati, athibitishe nakala. Wakili anasubiri cheti.”

“Leo leo? Na wageni?”

“Wageni wana pilau. Mimi nina safari.”

Fidele akamwangalia, akamnyanyua Asnath, akapanda nyuma.